Nani Amepanga Bei ya Dumu?

Hotuba kwa wanafunzi, jioni ya kuanza mkesha wa saa 48 wa kutengeneza gemu

Mkuu wa Idara, walimu wenzangu, wanafunzi wa hapa na ninyi mliotoka vyuo vingine, itifaki imezingatiwa. Nimepewa nusu saa, na nimeambiwa mada ya mkesha itatangazwa mara nitakaposhuka jukwaani. Najua basi kwamba wengi wenu mnanisikiliza kwa sikio moja. Si neno, nitasema kwa sauti.

Wazazi mliopita kutuangalia, niwaeleze kwa ufupi vijana wenu wanafanya nini humu mpaka Jumapili. Wanapewa mada, wanajigawa timu, na ndani ya saa 48 kila timu inatakiwa iwe na gemu ya kompyuta inayochezeka. Hawalali sana. Mtindo huu ulianza mwaka 2002: kundi dogo la watengenezaji lilikutana Oakland, California, na mwaka huohuo yakaanza mashindano ya mtandaoni yanayoitwa Ludum Dare. Mwaka 2009 ikaja Global Game Jam, ambayo kila Januari huwakusanya watu katika miji mingi duniani kwa mada moja. Na msidhani yanayotoka humu ni vichekesho vya wikiendi. Mwaka 2017 mwanafunzi mmoja wa Finland, Arvi Teikari, aliingia kwenye mkesha wa nchi za Nordiki na wazo moja dogo: kanuni za gemu ziwe maneno juu ya skrini, na mchezaji aweze kuyasukuma na kuyapanga upya. Baada ya miaka miwili likawa gemu kamili, *Baba Is You*, iliyopata tuzo na kuchezwa kila pembe ya dunia.

Sasa nigeukie lililonileta. Najua tayari, kabla hata ya mada kutajwa, kwamba timu kadhaa humu zitatengeneza gemu ya kusimamia rasilimali. Una chakula kiasi hiki, maji kiasi hiki, watu kiasi hiki, amua. Hamchagui aina hii kwa sababu mnapenda uchumi. Mnaichagua kwa sababu hakuna mchoraji kwenye timu, na masanduku manne yenye nambari yanatosha kuanza. Sina ubaya na hilo, ni sababu halali kabisa. Ninachotaka kusema ni kwamba gemu ya namna hii, hata ikiwa haina picha wala muziki, inasema jambo kuhusu dunia kwa kila nambari unayoiweka. Ukiandika kwamba mtu mmoja anakula vipimo 20 vya nafaka kwa mwaka, umetoa dai. Mchezaji hatalipinga, kwa sababu hataliona kama dai. Ataliona kama kanuni.

Nianze na nambari hiyo ya 20, kwani sikuitunga. Kati ya mwaka 1964 na 1966, mwalimu wa shule ya msingi wa jimbo la New York, Mabel Addis, alishirikiana na kampuni ya IBM kutengeneza gemu ya darasani kuhusu Sumeri ya kale, kusini mwa Iraki ya leo. Mtoto alifanywa mtawala wa mji wa Lagash, akatakiwa kuamua nafaka ipi iliwe, ipi ipandwe, ipi iwekwe ghalani. Mwaka 1968 Doug Dyment, aliyekuwa amesikia habari za gemu ile, akaandika toleo fupi sana la kompyuta ya PDP-8. Likaenea kwa jina la *Hamurabi*, yaani Hammurabi, mfalme wa kale wa Babeli, herufi moja ya m ikiwa imeachwa njiani.

Shikeni kalamu. Unaanza na watu 100, ekari 1,000, na vipimo 2,800 vya nafaka. Kila mtu anahitaji vipimo 20 kwa mwaka, la sivyo anakufa. Kila ekari inataka nusu kipimo cha mbegu, na mtu mmoja hawezi kulima zaidi ya ekari 10. Mwaka wa kwanza ukiwalisha wote umetumia 2,000. Ukipanda shamba lote umetumia 500. Ghalani zimebaki 300. Halafu mavuno ni bahati nasibu, ekari inatoa kati ya kipimo 1 na 5. Ikitoa 3, unavuna 3,000 na unapumua. Ikitoa 1, unavuna 1,000, unajumlisha na zile 300, unapata 1,300. Hicho ni chakula cha watu 65, bila kubakiza hata punje ya mbegu. Na panya bado hawajaingia ghalani, maana gemu ina panya pia.

Mtu akiniuliza gemu nzuri ya rasilimali inaonekanaje, namwonyesha hesabu hiyo. Nambari chache tu, na tayari tumbo linakukaza. Lakini itazameni upande wa pili. Ardhi ya *Hamurabi* haichoki hata ukiilima miaka yote kumi ya utawala wako. Mkulima hodari na mkulima mvivu wanavuna sawa, kwa kuwa mavuno yanatoka kwenye bahati. Watu wenyewe ni midomo ya kula na mikono ya kulima, hawagomi, hawahami kwa hasira, hawafichi gunia chini ya kitanda. Kila moja ya hayo ni uamuzi. Dyment alikuwa na kompyuta yenye kumbukumbu finyu mno, hakuwa na nafasi ya kumfanya mkulima awe mtu. Ninyi nafasi mnayo, mnachokosa ni muda, na mwisho wa siku mnaweza kufika palepale.

Linganisheni na bao letu. Bao la kiswahili lina kete 64, na mchezo ukiisha ziko 64. Hakuna inayoliwa ikatoweka: kete unazomla mwenzako unazisambaza upande wako, na kesho anaweza kuzirudisha kwake. Utajiri hauongezeki wala haupungui, unahama tu. Katika *Hamurabi* kuna bomba linaloingiza na tundu linalovujisha, na kazi yako ni kuyalinganisha. Amueni mapema gemu yenu ni ya namna ipi. Nimeona timu zikikesha kurekebisha bei na kasi, kumbe tatizo ni kwamba nusu ya timu ilikuwa ikitengeneza bao na nusu nyingine ikitengeneza ghala.

Sasa niwape kisa cha wanafunzi, kwani hii ni hafla ya wanafunzi. Mwaka 1971 huko Minnesota, Marekani, vijana watatu wa mwaka wa mwisho wa Chuo cha Carleton walikuwa wakifanya mazoezi ya ualimu katika shule za Minneapolis. Don Rawitsch alifundisha historia. Bill Heinemann na Paul Dillenberger walifundisha hisabati. Rawitsch alitakiwa kufundisha habari za wahamiaji waliovuka Marekani kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, akaanza kuchora ramani kubwa ya kuchezea kwa dadu na kadi. Wenzake walipoiona, Heinemann akasema hii ingefaa kompyuta. Walikuwa na wiki mbili hivi. Mashine waliyotumia haikuwa na skrini. Ilikuwa taipureta iliyounganishwa kwa simu na kompyuta ya mbali, imewekwa kwenye kachumba kalikokuwa stoo ya mtunza usafi. Kila jibu la kompyuta lilichapwa kwenye karatasi. Tarehe 3 Desemba 1971 wanafunzi wa darasa la Rawitsch wakaicheza. Jina lake *The Oregon Trail*, na nadhani hakuna gemu ya darasani iliyochezwa na watoto wengi wa Marekani kuliko hiyo.

Unaanza safari mwaka 1847 na familia ya watu watano, maili 2,040 mbele yako, yaani zaidi ya kilomita 3,200. Ulikuwa na dola 900, gari limekula 200, umebakiwa na 700. Zigawe: ng'ombe, chakula, risasi, nguo, na vitu vya dharura kama dawa. Kila baada ya wiki mbili unaulizwa mle vipi: kwa kubana, kwa kiasi, au kwa kushiba. Ukitaka kuwinda, unaandika neno BANG haraka iwezekanavyo, na kompyuta inapima sekunde zako. Kwa kuwa mashine ilikuwa moja na watoto wengi, walijipangia kazi wenyewe: mwenye vidole vyepesi awinde, mwenye hesabu ashike fedha. Hakuna aliyewafundisha kugawana madaraka. Upungufu uliwafundisha.

Lakini kinachonivutia zaidi ni kilichotokea baadaye. Muhula ulipokwisha, walichapa mistari yote ya programu kwenye karatasi wakaifuta kwenye mashine. Mwaka 1974 Rawitsch akaajiriwa na shirika la jimbo lililosambaza kompyuta mashuleni, akaitoa ile karatasi na kuiandika upya yote. Na hapo akafanya jambo ambalo zile wiki mbili hazikumruhusu: alirudi kwenye shajara za wasafiri wenyewe, akaangalia matukio yalitokea mara ngapi hasa. Ugonjwa mara ngapi, kuvunjika gari mara ngapi, kupotea njia mara ngapi. Akabadilisha uwezekano wa kila tukio kulingana na alichosoma. Alikuta pia kwamba wenyeji wa asili wa nchi ile waliwasaidia wasafiri mara nyingi, akaiongezea gemu upande huo.

Yaani nambari za mwanzo zilikuwa za kukisia. Haikuwa aibu, muda haukutosha. Lakini watoto wa darasa la kwanza kuicheza walijifunza makisio yale kama historia. Na hata baada ya marekebisho, gemu ilibaki ikitazama nchi kutoka juu ya gari la mhamiaji. Wenye nchi walitokea kama tukio la njiani, sawa na mvua na homa. Huwezi kulirekebisha hilo kwa kubadilisha asilimia, kwa sababu liko kwenye swali la nani ameshika kitufe.

Kuna mfano mwingine wa wanafunzi, wa karibu na kwetu kwa habari ingawa ulitengenezwa mbali. Mwaka 2006 kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, wakiongozwa na Susana Ruiz, lilitoa gemu ya bure iitwayo *Darfur is Dying*, iliyoshinda shindano la wanafunzi la kutangaza mateso ya Darfur nchini Sudan. Unachagua mtu mmoja wa familia aende kuchota maji, naye anakimbia jangwani akijificha wanamgambo wasimkamate. Maji akiyafikisha kambini, yanatumika kumwagilia mboga na kufyatua matofali. Sasa ukimchagua baba wa familia, gemu inakukatalia. Inakwambia si kawaida mwanamume mtu mzima kwenda kuteka maji, kwa sababu wanamgambo watamuua. Basi. Unarudi kwenye orodha, umebaki na mama na watoto.

Nimeisoma ripoti ya kurasa nyingi kuhusu Darfur, na ninakiri kwamba kile kitufe kilichokataa kinanikaa kichwani kuliko ripoti. Walimlaumu Ruiz na wenzake kwamba wamefanya mauaji kuwa mchezo, na sidhani waliolaumu walikuwa wapumbavu. Ila kanuni ile moja ilitoka kwenye ukweli uliochunguzwa, na inafanya kazi ambayo maandishi hayaiwezi: inakunyima chaguo ulilodhani unalo.

Nimtaje pia Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu akamnunulia laptopu. Katika gemu yake *Salaam* unakimbia vita huku ukihitaji maji, chakula na dawa. Yeye hakuhitaji kwenda kusoma shajara za mtu.

Sasa turudi kwenye meza zenu. Tuseme mada ikitangazwa inawapeleka kwenye maji, na mnaamua kutengeneza gemu ya kuendesha kioski cha maji mtaani. Nitakisia mtakavyofanya usiku wa leo: mtafungua injini ya gemu, ile programu ya kuundia gemu, mtaandika bei = 100, mtaandika wateja = 10, mtaendelea. Nasema msifanye hivyo. Saa mbili za kwanza fungeni laptopu. Watu wawili wa timu watoke nje, waende kioski cha karibu, waulize. Dumu la lita 20 bei gani leo? Juzi maji yalipokatika lilikuwa bei gani? Simtanki hili la lita 5,000 linajaa kwa saa ngapi? Hapo mna madumu 250, hesabu mnaiweza, lakini je, yanaisha saa ngapi? Boza likija, anayelipa ni nani, na analipa kabla au baada?

Mtakachokipata hakitakuwa bei tu. Mtagundua foleni ina sheria zake. Kijana wa mkokoteni anachukua madumu kumi na mawili kwa mkupuo, analipa taslimu, anaondoka. Mama lishe anataka manne kabla jua halijachomoza, la sivyo chai haichemki. Mama mwenye dumu moja na mtoto mgongoni hana haraka ya biashara, lakini ana haraka ya nyumbani. Maji yakiwa mengi, mnauza kwa wote na gemu inachosha. Siku ya mgao, tanki limejaa nusu, madumu 125, na mkokoteni uko mbele ya foleni na pesa mkononi. Ukimuuzia, fedha ya umeme wa pampu imepatikana saa moja asubuhi. Lakini atakwenda kuyauza kwa bei maradufu kwa walewale waliokuwa nyuma yake. Ukimnyima, kesho hatakuja, na kesho tanki litakuwa limejaa na wewe unahitaji mnunuzi wa jumla. Hapo mna gemu. Na hamkuitunga, mmeikuta imesimama foleni.

Halafu kuna daftari la madeni. Kila mwenye kioski analo, na sijaona gemu ya wanafunzi iliyolitumia. Imani ya mteja nayo ni rasilimali: unaipata kwa kukopesha, unaipoteza kwa kudai mbele za watu. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nawaomba mlichukue kama sharti la uundaji. Mchezaji akishindwa, mfungulieni daftari. Aone siku ya tatu alikopesha nani, siku ya tano alikosa umeme kwa kiasi gani. Gemu nyingi za mkesha zinamwambia mchezaji "umefilisika" kisha zinaanza upya. Amefilisika kwa nini? Hajui, na asiyejua kwa nini ameshindwa anadhani ameonewa. Mara nyingine ni kweli ameonewa, hitilafu iko kwenye programu yenu.

Jambo moja la kiufundi, kisha nishuke. Gemu za rasilimali zina ugonjwa wa aliyenacho kuongezewa. Anayeanza vizuri ananunua tanki la pili, anauza zaidi, ananunua la tatu, na dakika ya kumi hakuna cha kuamua. Mwaka 1983 Dani Bunten na wenzake walitengeneza *M.U.L.E.*, gemu ya wachezaji wanne wanaogombania ardhi, chakula, nishati na madini katika sayari ngeni. Wakaweka kanuni moja: anayeongoza hapati bahati njema, na aliye mkiani hapati mkosi. Ilifanya kazi vizuri, watu walicheza wakiwa wamekaribiana mpaka mwisho. Lakini kumbukeni nilichosema kuhusu nambari. Kanuni ile inasema dunia humhurumia maskini. Mkiiweka kwenye kioski chenu mchezo utachangamka, na mtakuwa mmesema uongo. Mimi ningeacha tajiri atajirike, halafu niufupishe mchezo uishe kabla haujachosha. Siku saba za mgao zinatosha. Mwalimu mwenzangu aliyekaa pale mbele hakubaliani nami, tumebishana tangu mchana, muulizeni naye.

Jumamosi jioni, mtu wa kwanza kuicheza asiwe wa timu yenu. Mkalisheni, msimweleze chochote, kaeni nyuma yake mkiwa kimya. Akiuliza "hii ni nini?" msijibu, andikeni. Kama mlimhoji mwenye kioski, na ana nafasi, mwalikeni acheze yeye. Akicheka pale ambapo hamkukusudia kuchekesha, ujue kuna nambari imekosewa.

Na Jumapili kabla ya kuwasilisha, pitieni programu yenu mstari kwa mstari. Mbele ya kila nambari inayoamua jambo, andikeni maelezo mafupi imetoka wapi: "tumeuliza kioskini, Ijumaa usiku", au "tumekisia". Majaji hawatatoa alama kwa hilo, mimi mmoja wao nawaambia wazi. Fanyeni hivyohivyo, kisha wekeni nakala mahali pawili.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kama kuna swali, tuna dakika tano.